Ndani ya Ngozi Yako Kuna Kamba



Kabla hujaendelea, weka gazeti hili mapajani. Fungua kiganja chako cha mkono wa kulia ukitazame. Kama wewe ni mkulima, utaona sugu chini ya vidole. Ziguse. Ni ngumu na kavu, na ukizikwaruza kwa ukucha huumii.

Sasa kumbuka siku uliyoshika jembe baada ya kukaa miezi mingi bila kulima. Jioni ulirudi na malengelenge. Maji yalijaa chini ya ngozi, hata kushika tonge la ugali ilikuwa taabu. Lakini ulipoendelea kulima wiki chache, malengelenge hayakutoka tena. Mpini ulikuwa ule ule. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mkono wako. Je, ndani ya mkono kilibadilika kitu gani?

Mimi ni Bwana Shamba. Cheti changu ni cha kilimo, siyo cha udaktari. Lakini jambo hili linawahusu binadamu na mbuzi pia, na mbuzi ni kazi yangu. Tena hapa Kaole nimeona jambo moja katika nyumba ya mama mmoja. Jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nitalieleza, lakini kwanza tuingie ndani ya ngozi.

NYUMBA YA FITO NA UDONGO

Mwili wako umejengwa kwa vyumba vidogo sana. Vyumba hivyo vinaitwa seli. Huwezi kuviona kwa macho matupu. Wataalamu huviona kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, laini kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Ndani yake mna ute. Katikati ya ute mna kiini, na humo ndimo yanamokaa maagizo ya urithi uliyopewa na baba na mama.

Basi hapo mtu anaweza kuuliza. Kitu laini namna hiyo kinawezaje kubeba ndoo ya maji kichwani? Kinawezaje kukanyaga changarawe bila kupasuka?

Tazama nyumba zetu. Sisemi yale magofu ya Kaole, misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe ambayo wageni huja kuyatazama. Nasema nyumba za miti tunazokaa. Fundi husimamisha nguzo. Hupanga fito na kuzifunga kwa kamba. Kisha watu hukandika udongo. Masika ikija, udongo hupata nyufa, pengine kipande kizima hudondoka. Nyumba haianguki, kwa sababu fito zimeshikana. Ungejenga kwa udongo mtupu, bila fito wala kamba, mvua ya kwanza ingekufundisha.

Seli nayo ina fito na kamba zake. Ziko za namna 3. Kuna nyuzi nyembamba, ambazo zinaisaidia seli kujivuta na kujikunja. Kuna mirija minene, ambayo ni barabara za kupitishia mizigo ndani ya seli. Na kuna nyuzi ambazo unene wake uko katikati ya nyembamba na nene. Hizi zinaitwa nyuzi za kati.

Jina hilo lilitokana na kazi ya mwaka 1968. Wataalamu watatu huko Marekani, Ishikawa, Bischoff na Holtzer, walikuwa wanachunguza seli za misuli ya kifaranga ambaye bado yumo ndani ya yai. Waliona nyuzi ambazo ni nene kuliko zile nyembamba za misuli, na nyembamba kuliko zile nene. Zikawa za kati, na jina likabaki. Kwa maoni yangu jina hilo linazipunja. Mtu akisikia "za kati" hudhani ni kitu cha hivi hivi tu. Ningeulizwa mimi, ningeziita kamba.

Unene wake ni mdogo ajabu. Chukua rula utazame milimita 1. Kama ungeweza kuzipanga nyuzi hizo bega kwa bega, zingehitajika nyuzi 100,000 kuijaza hiyo milimita 1.

BIBI NA MAKUMBI

Kwa nini nasema ni kamba? Twende kwa bibi mmoja ambaye husokota kamba za usumba. Wewe wa pwani unaijua kazi hii. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, makumbi yaliyopondwa yakiwa mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Bwana Shamba. Leo umeniletea mbegu gani?"

"Leo sikuleta mbegu, bibi. Nimekuja kutazama kamba."

Alicheka, akanipa kigoda. Akanieleza kwamba makumbi hufukiwa katika tope la pwani, mahali ambapo maji ya bahari yanaingia na kutoka. Hukaa humo miezi kadhaa mpaka yalainike. Kisha huponda kwa mti mpaka ubaki usumba mtupu. Anachukua nyuzi chache, anazisokota juu ya paja. Halafu anasokota uzi na uzi mwenzake, inakuwa kamba.

Nilimwuliza, kwa nini asichukue uzi mmoja mnene akafungia? Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Uzi mmoja ukikatika, umekatika. Kamba akikatika mmoja, wenzake wanashika."

Bibi huyo hajawahi kuona hadubini, lakini amezieleza nyuzi za kati sawasawa. Ndani ya seli kazi ni hiyo hiyo. Kuna uzi mrefu wa protini. Uzi huo unajiviringisha na mwenzake, zinakuwa nyuzi 2. Jozi hiyo inalala kando ya jozi nyingine, moja imeelekea huku na nyingine kule. Sasa ni nyuzi 4. Kisha mafungu 8 ya namna hiyo yanakusanyika pamoja. Piga hesabu mwenyewe: 8 mara 4 ni 32. Kipande hicho cha nyuzi 32 huungwa na kipande kingine kwa urefu, na kingine, mpaka kamba inavuka seli nzima.

Kamba hii ina sifa moja ambayo hata kamba ya usumba haina. Ukiivuta inarefuka. Inaweza kurefuka zaidi ya mara 2 ya urefu wake kabla ya kukatika. Zile nyuzi za namna mbili nyingine hukatika mapema. Ndiyo maana seli ya ngozi ikivutwa haipasuki upesi.

Lakini kamba isiyofungwa mahali haina kazi. Ndani ya seli ya ngozi, kamba hizi zinatoka karibu na kiini na kwenda mpaka kwenye utando wa nje. Hapo kuna vifundo. Upande wa pili wa kifundo zimefungwa kamba za seli jirani. Na seli za chini kabisa zina nanga ambazo zimeshika nyama iliyo chini yake. Hivyo ukivutwa mahali pamoja, mzigo unagawanywa kwa seli nyingi.

Wazee wetu wa pwani waliunda mitepe. Mtepe haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba. Wimbi likiupiga, mbao zilicheza kidogo, kisha zikarudi mahali pake. Ngozi yako nayo imeshonwa hivyo.

Labda utaniuliza kama mnazi nao una kamba hizi ndani ya seli zake. Hauna. Seli za mimea zina kuta ngumu kwa nje, kwa hiyo hazina haja nazo. Kaa wa mikokoni naye amevaa gamba lake nje. Sisi ambao hatuna gamba ndio tuliotiwa kamba kwa ndani.

SUGU, NYWELE NA KWATO

Katika mwili wa binadamu kuna maagizo kama 70 ya kutengeneza nyuzi za kati za namna mbalimbali. Misuli ina zake. Neva zina zake. Hata ukuta wa kiini cha seli umetandikwa nyuzi za namna yake kwa ndani. Siwezi kuzitaja zote. Nitasema juu ya namna moja tu, kwa sababu hiyo unaweza kuishika kwa mkono. Inaitwa keratini.

Seli za ngozi huzaliwa chini. Zinasukumwa kwenda juu na wadogo zao wanaozaliwa nyuma. Kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyojaa keratini. Zikifika juu zimekwisha kufa, zimebaki kama vigae bapa. Kisha zinapukutika. Safari hiyo yote huchukua kama mwezi 1. Uchafu unaotoka ukijisugua dodoki mgongoni, sehemu yake ni seli hizo.

Sasa unaweza kujibu lile swali la jembe. Mpini unaposugua kiganja kila siku, ngozi hupokea habari. Inaongeza seli, na tabaka la juu lililojaa keratini linakuwa nene. Hiyo ndiyo sugu. Siku ya kwanza tabaka hilo lilikuwa bado jembamba, mpini ukavuta ngozi ya juu ikaachana na ya chini, na maji yakajaa katikati.

Nywele, kucha, pembe na kwato ni keratini pia. Huko nyuzi zimefungwa zaidi kwa madini ya salfa, ndiyo maana ni ngumu. Umewahi kubabua miguu ya mbuzi kwa ajili ya supu? Harufu ile na harufu ya nywele zinazoungua ni moja. Unanusa salfa ya keratini.

Keratini ikitokea mahali pasipo pake ni balaa. Uso wa jicho unatakiwa uwe laini na wenye majimaji. Mtoto akikosa vitamini A, seli za hapo huanza kutengeneza keratini kama ya ngozi. Jicho linakauka. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kutoona vizuri jioni, magharibi inapoingia. Asipopata msaada anaweza kuwa kipofu. Mpe mchicha, matembele, kisamvu, maembe, papai, mayai na maini ukipata. Na umpeleke kliniki apewe matone ya vitamini A, ambayo ni kwa watoto wa miezi 6 mpaka miezi 59.

Nije kwa mbuzi kidogo, maana hiyo ndiyo kazi iliyonileta. Kwato ikilala katika tope na mkojo wakati wa masika, inalainika. Vijidudu huingia katikati ya vidole, vinaila kwato, inaoza na kunuka. Mbuzi anachechemea, halishi, anakonda. Inua banda kwa miti ili sakafu iwe kavu. Punguza kwato zilizorefuka kwa kisu kikali na safi. Aliyeanza kuumwa mtenge na wenzake, umsafishe kwato, kisha umsimamishe katika maji yenye mrututu, gramu 50 kwa lita 1 ya maji. Asiyanywe, maana mrututu ni sumu kwake. Na maji hayo usiyamwage karibu na kisima.

MTOTO ALIYEDAIWA KUUNGUZWA

Sasa nieleze lile jambo la yule mama.

Nilikwenda katika nyumba moja kutazama mbuzi. Mama wa nyumba alikuwa na mtoto wa kiume, umri wake kama mwaka 1. Alikuwa ameanza kutambaa. Viganja vyake, magoti na nyayo zilikuwa na malengelenge. Mengine mapya, mengine yamekauka.

Nasema kweli, mimi nilidhani ni moto. Nilimwuliza yule mama kwa sauti ambayo sasa naionea haya, "Huyu mtoto ameungua lini?"

Hakunijibu. Alianza kulia. Baadaye niliambiwa na jirani yake kwamba mimi nilikuwa mtu wa tano au wa sita kumwuliza hivyo. Wengine walisema amemtia mtoto maji ya moto. Wengine walisema ni kijicho. Mama mkwe wake alisema ukoo wa mwanamke una jambo, na kwamba kabla ya ndoa hawakuambiwa. Mume alikuwa ameanza kulala kwa ndugu zake.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamshauri aende zahanati, na nikamwambia mumewe awapeleke yeye mwenyewe. Walikwenda, wakapewa barua ya hospitali. Daktari wa ngozi alimtazama mtoto, akawauliza maswali mengi, hasa juu ya ndugu zao. Akawaambia kwamba huo si moto. Ni ugonjwa wa kurithi. Jina lake ni refu: epidemolisisi bulosa. Namna aliyonayo mtoto huyu ndiyo ile inayotokana na keratini.

Baada ya kurudi, yule baba alikuja kwangu na karatasi aliyoandikiwa. Ilinibidi nisome ili niweze kumweleza. Nakueleza na wewe.

Seli za chini kabisa za ngozi hutengeneza keratini za namna mbili, namba 5 na namba 14. Hizo mbili ni mume na mke. Hujiviringisha pamoja kama zile nyuzi 2 za bibi wa makumbi. Mwaka 1991 huko Marekani, Elaine Fuchs na wenzake katika mji wa Chicago walichunguza panya waliowekewa keratini 14 mbovu. Panya hao walitoka malengelenge kama ya wagonjwa. Mwaka huo huo wataalamu walitazama maagizo ya urithi ya wagonjwa wenyewe, wakakuta kosa katika keratini hizo. Mara nyingi kosa lenyewe ni herufi 1 tu ya maagizo. Lakini herufi hiyo ikiwa mahali pabaya, kamba haisokoteki vizuri.

Kamba hiyo ikivutwa haihimili. Na linalopasuka siyo kile kifundo kati ya seli na seli. Inayopasuka ni seli yenyewe, katikati, kama ukuta wa udongo usio na fito. Mtoto akitambaa kidogo tu, ngozi inaachana na maji yanajaa. Joto likizidi, malengelenge yanazidi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kumbeba mtoto huyo, kula naye na kulala naye. Kwa namna hii yenye kosa la keratini, mara nyingi inatosha mzazi mmoja tu kuwa nao, baba au mama. Kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Pengine kosa huanzia kwa mtoto mwenyewe, wala hakuna mzazi aliye nalo. Ziko namna nyingine za ugonjwa huu ambazo kosa liko kwenye nanga za chini, na hizo zinaweza kuwa kali zaidi. Kwa hiyo ni lazima daktari aseme ni namna gani.

Nilipokuwa namweleza haya, baba wa mtoto alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe viatu vya shule vilinishinda. Nikivivaa wakati wa jua, nyayo zinatoka malengelenge. Nilidhani viatu ni vibaya."

Jioni ile tulikwenda pamoja kwa wazazi wake. Nikaeleza tena. Yule mama mkwe alisikiliza huku amegeuza uso. Mzee, babu wa mtoto, alivua makubazi yake. Akanyanyua mguu, akatuonyesha unyayo. Ulikuwa mgumu na mnene, una makovu ya zamani.

"Tulipokuwa vijana," akasema, "wenzangu walicheza mpira mchana. Mimi nilisubiri jua lishuke. Marehemu baba naye alikuwa hivi hivi. Sisi tuliita miguu ya joto."

Hapo hapakuwa na mtu wa kusema tena juu ya ukoo wa mwanamke. Mama mkwe aliinuka, akaingia ndani. Alitoka na kanga laini iliyochakaa, akamkabidhi mkwe wake amlalishie mtoto.

Mpaka leo hakuna dawa ya kuponya namna hii ya ugonjwa. Kuna matunzo. Muuguzi aliwaelekeza hivi. Usimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapa, ila weka mkono chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo. Mvalishe nguo kuu kuu za pamba, ukizigeuza ili mishono iwe nje. Usimbandike plasta ya kunata, maana ukiibandua ngozi inakuja nayo. Lengelenge likiwa kubwa lisiachwe liendelee kutanuka. Litobolewe kwa sindano safi isiyotumika kabla, maji yatoke, lakini ngozi ya juu isibanduliwe, ndiyo bendeji yake. Jifunze kwanza kwa muuguzi namna ya kufanya. Ukiona usaha, au mtoto ana homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usimwogeshe kwa maji ya moto ya majani, kama walivyofanya hapo mwanzo.

Kama kwenu yuko mtoto wa namna hii, au mtu mzima ambaye tangu utotoni miguu yake haivumilii viatu wakati wa joto, mwambie daktari habari za ukoo wote, wa kikeni na wa kiumeni. Usifiche. Habari za miguu ya mzee yule zilimsaidia daktari kuliko yote tuliyomwambia.

Nilipita tena katika nyumba ile wiki iliyopita, kutazama mbuzi. Mume amerudi kulala kwake. Mtoto sasa anatembea. Baba yake humchukua ufukoni alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga bado umepoa, na humrudisha nyumbani kabla jua halijapanda.